Kura Sita za Yule wa Pikapu

Mwaka ule wa uchaguzi nilikuwa mlinzi wa mapokezi katika jengo la maofisi kule Jumeirah Lake Towers. Kazi yenyewe ilikuwa kusimama, kutabasamu, kuandika wageni kitabuni na kuwafungulia mlango watu wenye mikono miwili mizima. Nilikuwa nimemaliza miaka sita Dubai. Katika miaka hiyo yote baba yangu hakuwahi kuniuliza nitarudi nyumbani lini, na hakuna kitu nilichokitamani kama kuulizwa swali hilo.

Wenzangu walikuwa wamechoshwa nalo. Kila wakipiga simu Kenya ni unarudi lini, unarudi lini, wakikata simu wanasonya. Mimi niliwaonea wivu hadi nikawa nawanunia bila sababu. Baba hakutaka niondoke, lakini hakunizuia. Siku ile alinibebea begi mpaka barabarani, akaniambia sasa mimi ni mtu mzima, nitajua mwenyewe, akageuka kurudi kabla gari halijafika. Tangu hapo simu zetu zilikuwa na mambo matatu. Mvua imenyesha? Imenyesha. Ng'ombe? Yuko. Mguu? Bado unauma. Kisha ananiambia nisimalize salio langu. Mama alifariki nikiwa kidato cha pili, kwa hiyo hapakuwa na mtu wa kumpokonya simu na kuongeza maneno.

Halafu ukaja uchaguzi wa gavana, na baba akapata la kusema.

Watu wa kaunti yetu tulioko Dubai tuna kundi letu la mtandaoni. Sisi tulio nje huruhusiwa kumpigia kura rais tu, gavana ni wa waliobaki nyumbani. Lakini ungelisoma kundi lile wiki ya mwisho ya kampeni ungedhani sanduku lenyewe liko chumbani kwetu Deira, chini ya kitanda changu. Mwenzangu wa chumbani, dada mmoja wa Tanga aliyekuwa akifanya kazi ya kufua katika hoteli ya Al Rigga, alinitazama nikiperuzi video za mikutano akatikisa kichwa.

"Nyie Wakenya bwana," akasema. "Kura huna, mgombea humjui, presha unayo."

Wagombea walikuwa watatu. Gavana aliyekuwa madarakani alikuwa wa baba. Alitujengea daraja juu ya mto ambao zamani ukifurika wateja hawakuweza kufika kwenye mashine ya kusaga mahindi ambayo baba aliiendesha maisha yake yote, na kwa baba hayo yalitosha. Siku za mwisho gavana alikuwa akipanda juu ya gari na kusema, "Nimewapa daraja, sasa nipeni miaka mitano niwape barabara ya kufika darajani," na watu wanapiga makofi, sijui kwa nini. Mpinzani wake mkubwa alikuwa daktari, mwanamke, na huyo ndiye alikuwa wangu. Alianza kampeni kwa kusema mambo ya maana kuhusu zahanati na dawa. Kufikia wiki ya mwisho aliacha dawa akawa anasema gavana ameshaanza kufungasha vyombo. Gavana naye akajibu kwamba daktari alimpigia simu akilia, akiomba unaibu. Siku mbili kabla ya kampeni kufungwa ikasambaa barua kwamba daktari amejiondoa. Saa tatu baadaye ikaja nyingine kwamba gavana ndiye amejiondoa, na sahihi ilikuwa ile ile.

Wa tatu alikuwa mtu wa pikapu. Hakuwa na helikopta, hakuwa na fulana za kugawa. Alikuwa na pikapu moja kuukuu na spika inayokoroma.

Nitasema ukweli, sikuwa nikitazama video zile kwa ajili ya wagombea. Nilikuwa nikitazama nyuma yao. Nyuma ya gavana nilimwona yule mwenye duka la mlango wa buluu ambaye hakuwahi kunirudishia chenji sawasawa. Nyuma ya daktari niliona mikaratusi ya shule ya msingi niliyosoma, na ukungu, na watu wamevaa makoti mazito mwezi wa nane, wakati mimi natoka kwenye treni ya metro blauzi imenigandama mgongoni. Nilirudisha video nyuma mara nne nikitafuta kofia ya baba. Nilipoikosa nilihisi nimeibiwa.

Viongozi wa kundi waliokuwa upande wa daktari wakatoa amri kwamba kila mtu apige simu nyumbani awabadilishe wazazi wake, kwa kuwa wazazi huwasikiliza walio nje. Nilicheka, maana baba hajawahi kunisikiliza hata nilipomwambia nyumba inavuja. Lakini nilipata sababu ya kupiga simu kila siku, na sikuiacha.

Nilipiga saa ya chakula cha mchana. Ndani ya jengo haturuhusiwi, kwa hiyo nilitoka kando ya ziwa lililo mbele ya jengo nikasimama kwenye kivuli cha nguzo, joto likinipanda kutoka kwenye vigae. Tulizungumza kwa lugha yetu, na hapa nayaandika kwa Kiswahili.

"Huyo daktari wako," baba akaanza, hata mvua hakuitaja, "amewahi kujenga nini? Hata choo?"

"Na daraja la gavana wako linaelekea wapi, Baba? Kwenye shamba la mkwe wake."

Alicheka. Nilikuwa nimesahau anavyocheka, kwanza kimya, halafu kikohozi. Siku ya pili tulibishana dakika ishirini. Siku ya tatu yeye ndiye aliyenipigia kwanza, akakata ili nimpigie mimi, akaniambia amesikia redioni kwamba daktari ana nyumba Dubai, na kama ni jirani yangu nimsalimie. Nilirudi kwenye dawati langu uso umeiva, nimelowa, natabasamu bila kulazimishwa, mpaka msimamizi tuliyemwita sir akaniuliza kama naumwa.

Siku ya mwisho ya kampeni ikaja video ya yule wa pikapu. Alikuwa amesimama sokoni kwetu, watu wachache mbele yake, wengine wanaendelea kununua viazi. Akasema, "Nikiingia, watoto wetu walioko Uarabuni watarudi nyumbani. Wote. Nitawafungulia kiwanda hapa hapa." Spika ikakoroma, akarudia, "Watoto warudi."

Kundi zima lilicheka siku nzima. Mimi nikaandika, "Kiwanda cha nini, cha kufungua milango?" Watu hamsini wakaweka nyuso za kucheka chini ya maneno yangu. Nilijisikia mjanja sana. Baba nilipompigia mchana ule sikumtajia hata video yenyewe, haikustahili. Yeye pia hakuitaja. Alisema gavana atashinda mapema, lakini alisema kivivu, na simu ikaisha haraka.

Watu wakapiga kura. Kesho yake matokeo ya vituo yakaanza kuingia, picha za karatasi zinazobandikwa kwenye milango ya madarasa. Nilikuwa kwenye metro nikielekea kazini nilipofungua ya kituo chetu. Daktari alikuwa juu, gavana anamfuata kwa karibu, na chini kabisa, yule wa pikapu, kura sita.

"Hao sita ni akina nani?" mtu akaandika. "Wapelekwe wakapimwe kichwa."

Niliweka uso wa kucheka na mimi. Mchana, nikiwa na hamu ya kumchokoza baba, nikatoka nje nikampigia.

"Baba, pole. Wako ameanguka."

"Hakuwa wangu," akasema.

Nilidhani ananitania. "Kwa hiyo ulinisikiliza? Ulimpigia daktari?"

"Huyo sikumpigia."

"Basi ulimpigia nani?"

"Yule wa pikapu."

Nilisikia kuku nyuma yake, na mtu akiburuta kitu kwenye kokoto. Nikamwambia, kwa sauti ya mtu anayemwelekeza mtoto, kwamba yule ni mwongo, hana kiwanda wala hana pa kukitoa, hawezi kumrudisha mtu yeyote.

"Najua," akasema baba. "Hata alipokuwa akisema nilijua. Nilikuwa hapo, nimesimama karibu na wauza viazi."

"Kwa nini basi?"

"Wengine wote wamekuja hapa wakasema lami, wakasema dawa. Hakuna aliyewataja ninyi. Huyo alisema watoto warudi. Alisema vizuri. Nikaona nikimpigia, itaandikwa mahali kwamba kuna mtu anataka hivyo."

Akaniuliza yule wa pikapu alipata kura ngapi pale kwetu, nikamwambia sita.

"Sita?" Sauti yake ilipanda. "Mimi nilidhani ni yangu peke yake."

Nilibaki pale kando ya nguzo baada ya simu kukatika, saa ya chakula ikaisha na sikula. Nililia, na sikuona haya, kwa kuwa katika joto lile hakuna anayetofautisha machozi na jasho. Miaka sita nilikuwa nangoja aniulize. Kumbe alikwenda kupanga foleni na ule mguu wake, akaingia nyuma ya kadibodi, akaitia karatasi ya kura alama peke yake, akaikunja.

Niliporudi ndani nilifungua kundi. Maneno yangu kuhusu kufungua milango yalikuwa bado yapo, na ya kuwapima watu kichwa yalikuwa yameongezewa utani mwingine. Nikaandika, "Mmoja wa hao sita ni baba yangu. Amesema anataka nirudi nyumbani."

Utani ukakoma. Kisha jamaa mmoja wa kijiji cha jirani, anayefanya kazi kwenye ghala la vipuri vya magari Ras Al Khor, akaandika, "Nimempigia mama. Alikataa kusema. Nikamwambia baba wa fulani amekubali. Akaanza kulia. Ni yeye." Baada ya saa moja dada anayehudumu mgahawani akasema wake ni nyanya yake. Kufikia jioni tulikuwa tumewapata wanne. Wawili hatukuwapata. Waliobaki kwenye kundi walisema kwao hakuna, na nina hakika wengine walisema hivyo bila kupiga simu. Siwalaumu. Hata mimi nilipompigia baba nilikuwa nimekwenda kumcheka.

Siku iliyofuata nilimpigia tena. Daktari alikuwa ametangazwa mshindi, lakini hakuna kati yetu aliyemtaja.

"Tumewapata wanne," nikamwambia. "Wewe ukiwemo."

"Wanne ni wengi," akasema. "Nani wengine?" Nikamwambia. Alipomsikia yule nyanya alisema, "Eh, na anavyojifanya mkali."

Mvua hakuna aliyeiuliza. Ndipo nikasema, bila kupanga, "Baba, nitakuja Desemba."

"Ya mwaka huu?"

"Ya mwaka huu."

Sikuwa nimeomba likizo. Mkataba wangu ulikuwa unaisha Machi, na Desemba ndipo wageni wanapojaa na kila mlinzi anatakiwa mlangoni. Nilisema tu, jinsi wale watatu walivyokuwa wakisema juu ya magari yao, kwa sababu mtu alikuwa mbele yangu akisubiri kusikia.

"Umesema vizuri, mama," akanijibu. Huniita mama kwa kuwa nilipewa jina la mama yake. Maneno hayo aliyasema taratibu, kwa upole ule ule aliomsemea jana mtu wa pikapu, na sikusikia ndani yake hata chembe ya kuniamini.

Nilikwenda moja kwa moja kwa sir, nikiwa bado natiririka jasho, nikamwambia nataka likizo Desemba nzima. Alikuwa kwenye kompyuta, hakuinua uso.

"Khalas, basi, nimesikia," akasema. "Nitakumbuka. Yalla, rudi kwenye dawati."

Sikuondoka. Nikamwomba karatasi na kalamu.