Jalada la Kina Mama Wapya

Katika duka la uchapaji nyuma ya soko, aliyesanifu majalada alikuwa mwanamke wa makamo ambaye kila mtu alimwita Fundi Herufi. Miaka nenda, miaka rudi, kazi yake ilikuwa moja: vijitabu vya ratiba ya mazishi. Wateja hawakukosekana, lakini moyo ulishachoka. Ndiyo maana muuguzi mkuu wa zahanati alipomletea kijitabu cha kina mama wanaojifungua mara ya kwanza, alikipokea kwa mikono miwili. Jalada likipendeza, muuguzi aliahidi, vijitabu vyote vya zahanati vitakuwa vyake.

Fundi Herufi alichagua herufi za mlazo zenye mikia, akazitia kivuli cha kijivu. Juu akaweka njiwa, chini shada la maua. Akalichapa jalada, akaliegemeza ukutani, akatabasamu.

Mdogo wake, mja mzito wa miezi minane, aliingia kupumzisha miguu. Alipoliona alishika kiuno.

"Dada, nani tena katutoka?"

"Hajafa mtu! Hicho ni cha wazazi wapya."

"Cha wazazi? Haki ya nani, ukinipa hicho wodini natoka mbio na tumbo langu!"

Fundi Herufi alicheka, kisha kicheko kikamkauka. Mkono ulikuwa umejiendea wenyewe njia uliyoizoea, na muuguzi alikuwa anakuja alasiri hiyohiyo.

"Haya, wewe ukimfikiria mtoto unawaza nini?"

"Beseni. Nitamwogeshaje bila kumdondosha?"

Njiwa akafutwa, na maua pia. Alijaribu herufi nyembamba, zikafanana na barua ya ofisini. Za mviringo zikawa tangazo la peremende. Akatua kwenye herufi nene, wima, zisizo na madoido, na chini yake akachora beseni na mikono miwili imemshika mtoto.

Muuguzi alilitazama kwa mbali, halafu kwa karibu.

"Beseni? Nilitarajia angalau ua."

"Maua ninayo tele, dada. Yote ya makaburini."

Muuguzi akamgeukia mja mzito. "Wewe ungekichukua?"

Mdogo mtu alikuwa ameshalifunua jalada. "Mbona ndani hamna kitu? Hiyo shingo ya mtoto inashikwaje?"

"Imeelezwa ukurasa wa kwanza," muuguzi alijibu. Akavuta kiti, akafungua mkoba, akamkabidhi Fundi Herufi karatasi za kijitabu cha chanjo.