Sufuria ya Mama Yafika Ufini

Niliondoka London kwa sababu wenzangu wote walikataa. Tulikuwa mwaka wa pili wa uuguzi, na mwalimu alipotangaza kwamba imebaki nafasi moja ya kubadilishana wanafunzi, miezi mitatu, Ufini, kuanzia Januari, vijana wa darasa wakatazama viatu vyao. Mimi nina miaka arobaini na moja na binti aliyenipita kimo. Nikainua mkono. Nilisema ni kwa ajili ya masomo, lakini ukweli ni kwamba baba alikuwa amefariki miezi mitano nyuma, na tangu siku ile nyumba yetu ya Edmonton haikuwa imenyamaza. Walikuja watu wa Pemba, wa Unguja, hata wa Mombasa tusiowajua. Walipika, walisoma Kurani, walilala ukumbini. Bila wao tusingesimama. Ila mimi ni mtu wa maneno, na niliwapokea wageni kwa maneno mpaka nikasahau kulia. Nilitaka mahali ambapo hakuna wa kuniuliza habari.

Asubuhi ya kuondoka, mama alilikagua sanduku langu, akatoa sweta moja, akatia makopo ya tui la nazi na sufuria yake ndogo ya mfuniko, aliyotoka nayo Wete, Pemba.

“Nyumba ya watu huendi mikono mitupu,” alisema. “Na sufuria yangu irudi.”

Binti yangu Nasra akacheka. “Bibi, they have pots in Finland.” Mama huelewa Kiingereza anapotaka. Siku hiyo hakutaka.

Kutoka Edmonton nilipanda treni ya Overground mpaka Liverpool Street, kisha treni ya kiwanja cha ndege. Nilipofika Helsinki ilikuwa alasiri na jua lilishatua, nikadhani saa yangu imeharibika. Safari ya treni kwenda kaskazini ilikuwa ya saa nne na zaidi. Nilimsalimu mwanamke aliyekaa pembeni yangu, nikamuuliza habari za nyumbani na idadi ya watoto. Akajibu “wawili”, akaziba masikio kwa vile vidude vya muziki. Saa nne nzima nilizungumza na dirisha.

Kuopio nilipokewa na Liisa, mwenyeji wangu, mjane, fundi cherehani aliyestaafu. Alikuwa ameshika karatasi yenye jina langu, Asha, ingawa kituo kizima mwenye mtandio nilikuwa mimi peke yangu. Tulizungumza Kiingereza, kama ule unaweza kuitwa mazungumzo. Chakula cha kwanza alinikaribisha mara moja tu. Nikasema ahsante, nimeshiba, nikingoja anibembeleze kama ada. Akaondoa sahani. Nililala na njaa, na kuanzia kesho yake nilikula nilipoambiwa kula.

Ghorofa ile ilikuwa na desturi nyingine iliyonishinda. Kabla ya kutoka, Liisa alichungulia kwenye tundu la mlango ahakikishe hakuna jirani ngazini. Ikiwa yupo, husubiri apite. Nikamuuliza kama wamegombana. Akashangaa: wagombane kwa nini? Hataki tu kumsumbua mtu.

Aliyevunja desturi hiyo alikuwa Bi Helvi wa mlango wa pili, mzee mwembamba mwenye kofia nyekundu. Wiki ya kwanza alinikuta chini nimeng’ang’ania nguzo, barafu imenigomea. Hakujua Kiingereza. Alinishika mkono akanionyesha: uzito mguu wa mbele, hatua fupi, tembea kama bata. Tukaenda hivyo mpaka kituo cha basi, mabata wawili, na kila tulipokutana tena alikuwa akichapua vihatua vile huku akicheka. Mumewe, Mzee Eino, alikuwa nyuma yake daima, mikono mifukoni, kimya.

Asubuhi moja mwishoni mwa Februari niliikuta bendera ya jengo imepandishwa nusu mlingoti. Nikarudi ndani kumuuliza Liisa. Akaniambia Helvi amefariki hospitalini, moyo. Hivyo ndivyo majirani wanavyopewa habari: akifa mkazi wa jengo, bendera hupandishwa nusu, basi. Nikauliza tunakwenda saa ngapi kuhani. Liisa hakunielewa. Alisema atatuma kadi na maua.

“Na Mzee Eino yuko na nani?”

“Yuko peke yake. Tunamwacha kwa amani.”

Nilijaribu, wallahi nilijaribu. Nilikaa na vitabu mpaka adhuhuri, lakini mzee mwenye msiba yuko nyuma ya ukuta wangu na hakuna hata aliyempikia. Liisa alipotoka kwenda dukani, nikafungua makopo ya tui nikapika mbatata za nazi kwa samaki, ndani ya sufuria ya mama. Nikaenda kubisha.

Mzee Eino alifungua akiwa na soksi. Nilitamka maneno mawili ya pole niliyoyatafuta kwenye simu, nikaingia, nikaiweka sufuria mezani, nikakaa. Hapo Kifini changu kikaisha. Kwetu ungepokezana na wengine: huyu anasoma, yule anasimulia marehemu alivyokuwa. Pale tulikuwa wawili na kofia nyekundu kwenye ndoano. Nikanyamaza kwa kukosa la kufanya. Zikapita kama dakika kumi, kisha machozi yakaja, na hayakuwa ya Helvi pekee. Nilimlilia baba yangu katika nyumba ya mtu nisiyemjua, karibu saa nzima. Mzee alitazama dirisha. Sufuria hakuigusa. Nilipoondoka hakuniaga.

Liisa alipojua, aliweka mfuko wa sokoni chini.

“Uliingia ndani?” aliuliza. “Bila kumwambia kwanza?”

Nikasema ndiyo. Akaenda chumbani mwake, na jioni ile tulikula bila hata ile “chumvi, tafadhali” yetu ya kila siku.

Wiki tatu zilizofuata ndizo nilizoogopa kuliko zote. Mlango wa Eino haukufunguka nikiwapo. Sufuria haikurudi. Kwetu chombo cha jirani hakirudi kitupu, lakini kutorudi kabisa sikujua kunamaanisha nini, na Liisa alikuwa akinitazama kama mtu anayetafuta namna ya kusema jambo. Niliamini nimemuumiza mfiwa, na kwamba Liisa ataniomba nihame. Nilianza kuulizia chumba kwingine. Nilimwandikia Mzee Eino barua ya kuomba radhi, nikaibeba mkobani siku nne, kwa kuwa wa kunitafsiria alikuwa Liisa mwenyewe.

Siku ya tano nilimpa Liisa. Hakuifungua. Aliingia chumbani akarudi na bahasha iliyokuwa imetumbukizwa mlangoni asubuhi ile. Mazishi ya kwao hukawia wiki kadhaa, na anayekwenda ni aliyealikwa. Juu ya bahasha kulikuwa na majina mawili: Liisa na Asha. Akaketi.

“Katika jengo hili ametualika sisi tu,” alisema. “Na mimi ni kwa sababu yako.”

Nikamuuliza kama hakunikasirikia.

“Nilijionea haya. Miaka kumi na tisa mlango kwa mlango, na aliyekwenda ni wewe. Mume wangu alipokufa, wote waliniacha kwa amani. Amani ilizidi, Asha.”

Nilishusha pumzi niliyokuwa nimeizuia tangu Februari. Nikamkumbatia. Akakakamaa kama ubao, lakini hakujitoa.

Baada ya mazishi tulikunywa kahawa katika ukumbi wa kanisa, watu kumi na wawili. Mzee Eino alikuja meza yetu akasema maneno marefu kuliko niliyowahi kumsikia, na Liisa akanitafsiria. Alisema siku ile aliponiona mlangoni aliogopa nitazungumza. Lakini nilikaa saa nzima bila kusema kitu, na yeye hakuwa amepata mtu wa kukaa naye namna hiyo tangu Helvi. Mimi huyo, ambaye Edmonton nzima haijawahi kunisikia nimenyamaza! Nilicheka huku nikifuta macho, na sikumweleza.

Siku moja kabla ya kurudi, mlango ulibishwa. Alikuwa Eino, ameishika sufuria ya mama kwa vitambaa viwili. Aliyekuwa akipika kwao ni Helvi. Yeye wiki zote hizo alikuwa akijifunza. Ndani mlikuwa na supu ya samaki, mbatata na maziwa, chumvi haipo kabisa. Tulikula watatu, na nilipokaribishwa mara moja nikakubali mara moja. Liisa aliiosha sufuria, akaifunga ndani ya sweta alilonifumia.

Edmonton nilifika mchana, mwanzo wa Aprili. Mama alifungua sanduku kabla sijavua koti, akaitoa sufuria, akaigeuza kwenye mwanga.

“Ilikwenda kwa watu?”

“Kwa jirani mfiwa.”

“Ikarudi tupu?”

“Haikurudi tupu, mama. Ilirudi na supu, kapika mwenyewe mwanamume.”

Akatikisa kichwa taratibu. “Basi ulikaa na watu.”

Nilitaka kumsimulia yote, na mnajua naweza. Badala yake nilikaa naye kwenye kochi, upande aliokuwa akikaa baba, nikanyamaza. Mama alinitazama kidogo, kisha akauweka mkono wake juu ya wangu, na kwa mara ya kwanza tangu msiba tukalia sote wawili bila mgeni wa kumtilia chai. Nasra akatokea mlangoni na simu yake.

“Mum? Are you guys okay?”

“Tuko salama, mwanangu,” nilisema. “Tumekaa tu na babu yako. Njoo.”

Akaiweka simu chini, akaja akakaa katikati yetu, na hakuuliza tena.