Huyo Mrefu Kashiba

Gobori la baba mkwe lilikaribia urefu wangu, na mimi ni mrefu. Wakati ule, zamani zile za Mdachi, alikuwa bado hajawa baba mkwe kamili. Alikuwa amenikubali nusu. Nusu ya pili ilikuwa imekwama nyuma ya mtutu wa lile gobori.

Mtama ulikuwa unaiva, na nyani walikuwa wameanza kuuonja kabla ya wenyewe. Baba mkwe aliliteremsha gobori darini, likiwa limejaa vumbi na masizi, akanionyesha kizibo: kile chuma chenye meno ya parafujo kinachoziba mtutu kwa nyuma. Kilikuwa kimeshika kutu, hakizunguki.

"Wewe umesoma kwa wamisheni," akasema. "Haya, kisome hiki. Nikirudi kutoka kunywesha ng'ombe nikikuta kinang'aa, tutazungumza habari za harusi. Nikikuta bado, tutazungumza habari za mvua."

Akaenda zake na ng'ombe. Nilitaka kumuuliza kama gobori lina kitu ndani, nikaona haya. Kumuuliza mzee hivyo ni kama kumkagua, na mimi hata kuomba maji huwa nameza mate kwanza.

Kazi yenyewe niliijua kwa babu yangu mwindaji. Unafungua kizibo kwa koleo, unakiosha kwa maji ya moto, unasugua meno yake kwa majivu, unazibua tundu la moto kwa mwiba, kisha unakipaka mafuta ya kondoo ili siku nyingine kisigome. Lakini hiki kiligoma pale pale mwanzo. Nikavuta koleo mpaka masikio yakalia. Hakikutikisika. Nikakumbuka kwamba babu, chuma kikikaidi, hukipasha moto kidogo kilegee. Nikachochea makaa ya jiko la uani, nikainua gobori.

"We kuku! Toka hapo motoni!"

Ilikuwa sauti ya mama mkwe, nyuma ya mlango wa tembe. Kwetu mama mkwe na mchumba wa bintiye hawasemeshani wala hawatazamani mpaka harusi ipite. Kuku kweli alikuwepo, anadonoa karibu na jiko. Nikamfukuza kwa adabu, nikasogeza mtutu kwenye makaa.

"Kuku wewe, husikii? Huyo mrefu kashiba! Kashiba tangu masika!"

Uso ukaniwaka. Jana yake nilikuwa nimekula ugali kwao, na kweli sikubakiza. Lakini kusemwa mbele ya kuku! Tena, ukiacha hiyo jana, tangu masika sikuwa nimefika pale hata mara moja. Nikainama zaidi nisionekane, gobori mkononi.

"Atapasuka huyo!" akapiga kelele. "Atakupasukia usoni, kuku mjinga! Tia mdeki tumboni mwake upime!"

Hapo nikatega sikio. Kuku hana mdeki. Mdeki ulikuwa kwangu, ule ufito wa kushindilia baruti. Nikaliondoa gobori motoni, nikautumbukiza taratibu. Haukufika chini. Ulisimama ukiwa umebakiza shibiri nzima nje. Baba mkwe alikuwa amelishindilia baruti tangu masika, akasahau.

Nikakimbilia mtungi. Nikamwaga maji ndani ya mtutu mpaka baruti ikalewa, nikalisogeza mbali na jiko, nikakiloweka kizibo katika mafuta ya nyonyo. Nikangoja. Nikavuta tena koleo. Kikalia kwii, kikazunguka. Nikasukuma nje ile baruti iliyokuwa uji mweusi, unanuka yai viza, nikaanza kusugua.

Baba mkwe aliporudi, kizibo kiling'aa kiganjani mwangu. Akautazama ule uji wa baruti, akakumbuka.

"Nani alikwambia limeshiba?"

Nikatazama chini. "Kuku."

Akamtazama kuku, akautazama mlango, akacheka mpaka akashika mbavu. "Basi leo hachinjwi. Utakula mlenda, na harusi tutaizungumza huku tunakula."

Alipoingia ndani nikabaki na kuku peke yetu. Nikainama karibu naye, nikakusanya ujasiri wangu wote.

"Shikamoo, kuku. Ahsante."

"Marahaba," mlango ukajibu. "Na nyuma ya kizibo bado kuna masizi."