Kidonda cha Baba na Kidonda cha Mama

Baba alikuwa na kidonda mguuni, juu kidogo ya kifundo, kilichomkaa miaka minne. Tuliishi Kabasa, Bunda, tukilima pamba, miaka ile ya kupanga foleni ya sabuni. Zahanati haikuwa na bandeji, kwa hiyo mama alichana shuka lake la harusi, akachemsha vipande na kuvianika juani. Kila asubuhi aliuweka mguu wa baba mapajani, akakiosha kidonda kwa maji ya chumvi. Baba alitazama pembeni. Aliona aibu.

Cha mama hatukukijua. Mgongo ulimuuma kwa jembe, akawa anameza aspirini kabla ya kutia kitu mdomoni. Mara nyingi nilimkuta ameinama, ameshika chembe cha moyo.

"Mama, unaumwa?"

"Njaa tu, mwanangu. Huwaga inapita nikinywa maziwa."

Nikaamini. Nilikuwa na miaka kumi na sita.

Biashara zilipofunguliwa, bandeji zikaonekana madukani. Daktari mmoja wa Musoma akamweleza baba kwamba damu haikuwa inapanda vizuri kutoka mguuni; akamfundisha kuufunga kwa kukaza na kuuinua kila anapoketi. Baada ya miezi kadhaa kidonda kikafunga. Mama alipapapasa pale palipopona, akacheka peke yake.

Jumapili moja akaanguka akitoka chooni. Alikuwa amepata choo cheusi kama lami. Tukapata lori la pamba lililokuwa likienda Musoma, nikakaa nyuma nimempakata. Daktari yule yule akaniuliza dawa alizokuwa akitumia. Nikamtajia aspirini.

"Tumbo nalo huota kidonda," akasema. "Chake kimekula hadi kwenye mshipa."

Baba na mjomba walitoa damu. Haikutosha. Siku ya tatu akafariki.

Baada ya kuanua matanga nilipelekwa Butiama, kwa mama mdogo, aliyemfuata mama kuzaliwa. Sura hawakufanana hata kidogo, lakini sauti ilikuwa ile ile. Jioni, akipepeta mtama uani, nilikuwa namuuliza mambo ambayo nilikwisha kuyajua: ng'ombe yupi ana mimba, mvua ya mwaka jana ilikujaje. Alinijibu taratibu, bila kuuliza kwa nini, nami nikiwa nimemgeukia mgongo, nimefumba macho.