Nimeleta Mahali

Mwaka 1974, nikiwa na miaka kumi na miwili, mbung'o walimaliza ng'ombe wa baba. Tulikuwa tumetoka Usukumani kwa miguu tukiwaswaga kuelekea kusini kutafuta majani, na majani tuliyapata. Hakuna aliyetuambia kwamba pori lenye majani mazuri namna ile, likiwa halina ng'ombe hata mmoja, lina sababu yake. Ng'ombe wakakonda, wakadondoka, mpaka tukazoea kuacha mizoga nyuma. Baba naye hakukawia kuwafuata. Nikabaki mwanaume wa nyumba, na mama ambaye alikuwa ameacha kuongea, na darasa la pili kichwani, na Kiswahili cha kuombea maji tu.

Tuliishia Mpimbwe, kwa watu wa mpunga. Watu wa kanisani, wenye makaburi ya babu zao nyuma ya nyumba. Mimi nikawa mchungaji wa ng'ombe wa Wasukuma wenzangu waliotutangulia. Ujira ulikuwa ndama, tena mpaka aliyekupa kazi akumbuke.

Huku kwetu ukifika tu, jina lako unalivua, unavishwa la kwenu. Sisi wa ng'ombe tuliitwa Nyantuzu, hata yule ambaye Ntuzu hajawahi kuiona. Ukifungua duka wewe ni Mangi, Mchaga, hata kama umetoka Iringa. Wa ziwani, kule Kapalamsenga, ni Wala Dagaa. Mfipa akinuna anaambiwa asitutupie radi za uchawi. Halafu wakishakupa jina wanakusikiliza unavyoongea, na hapo ndipo wanakumaliza kabisa. Miaka ya baadaye, sokoni Kashaulili, Mpanda mjini, nilipanga mchele wangu karibu na mama mmoja wa Kirundi muuza maharage. Mimi nasema "halaka", yeye anasema "kura ugari". Mungu alipogawa herufi, za kwangu zote zilimwangukia yule mama. Watu walikuwa wanakuja kununua ili tu watusikie tukigombana. Tuliwauzia, tukawaacha wacheke.

Lakini siku niliyochekwa kuliko zote ni ile niliyokwenda kuposa.

Nilishakuwa kijana mzima, na ng'ombe wangu mwenyewe, wa jasho. Nikampenda binti wa watu wa mpunga. Baba sina, mjomba wa kunisemea sina. Mshenga wangu alikuwa mzee wa kwetu ambaye Kiswahili kilikuwa kinampita pembeni, kwa hiyo nilijisemea. Nikasimama uani kwao na viatu vya kuazima, nikatoa shikamoo kwa kila mwenye mvi, nikasema:

"Nimeleta mahali."

Nilimaanisha mahari. Hiyo r naijua, nimeiandika hapo, itazameni. Mdomoni ndimo haipiti. Lugha ya mama yangu haina, na tumezaa na kuzika bila hiyo r.

Shangazi yake binti ndiye aliyeanza. "Umeleta mahali? Umepabeba na nini, na baiskeli?"

Ua mzima ukaanguka kicheko. Nikajitetea, nikaharibu zaidi. "Mahali ya ng'ombe, mama! Ng'ombe!"

"Mahali pa ng'ombe ni porini, Nyantuzu!" kaka yake akadakia.

Baba yake hakucheka. Aliwasubiri wafute machozi, kisha akaniangalia mimi peke yangu.

"Kijana, nyie watu wa ng'ombe majani yakiisha mnakunja virago. Leo mko hapa, kesho nasikia mmevuka mpaka. Mwanangu akiumwa nitamfuata wapi? Umesema mwenyewe mahali. Na mimi nimesikia mahali. Kalete mahali."

"Na ng'ombe, baba?"

"Ng'ombe wako hao. Warudishe wakanywe maji."

Kwa hiyo nikawarudisha, kijiji kizima kinatazama. Binti nilimkuta njiani na ndoo kichwani. Nikamwambia nitajifunza hiyo r hata kwa kung'olewa meno. Akanijibu bila kusimama:

"R nitaila? Tafuta shamba."

Nikatafuta. Uongozi wa kijiji ukanionyesha bonde ambalo hakuna aliyelitaka kwa sababu viboko walikuwa wanapita humo kama kwao. Nikalichukua. Niliuza baadhi ya ng'ombe, nikabaki na wa kulimia. Wenzangu wa ng'ombe nao wakanicheka: "Umekuwa mti sasa? Utaota mizizi?" Wapimbwe wakinikuta na jembe matopeni wanapiga kelele toka barabarani: "We Mahali! Umefikia wapi?" Jina likanishika hapo. Nilitukanwa na pande zote mbili, kwa lafudhi mbili, na majaruba ya mpunga yakaendelea kunyooka. Nikafyatua tofali, nikachoma, nikajenga. Mwisho nikachimba kisima. Hicho nilikichimba makusudi, kwa ajili ya mzee mmoja tu. Mtu anayehama hachimbi kisima.

Wakati huo wote binti aliposwa na wengine, wenye r zao zote. Aliwakataa. Sikumuomba afanye hivyo, ila nilisikia, na kila nikisikia nilichimba zaidi.

Nikarudi uani kwao. Safari hii viatu vyangu. Rafiki yangu mmoja alikuwa amenifundisha, nimeweka ulimi hivi, nimeweka vile, na nilikuwa naweza kuitoa hiyo r kama mtu anayekohoa. Nilikuja nayo tayari. Nilipoona shangazi ameshaanza kutabasamu kabla sijafungua mdomo, nikaimeza.

"Nimeleta mahali," nikasema.

"Pako wapi?" shangazi akauliza.

"Twendeni."

Tukaenda, ukoo mzima nyuma yangu. Mzee alitembea juu ya matuta ya majaruba, anakanyaga kwa kisigino kama anayepima ng'ombe mnadani. Akagonga ukuta wa nyumba. Akavuta maji kisimani, akanywa, akamwaga yaliyobaki miguuni kwake. Kaka mtu alitaka kusema neno, mzee akamnyamazisha kwa mkono.

"Mahali nimepaona," akasema. "Sasa lete na ile nyingine. Yenye r."

Hapo tukacheka wote, na mimi pia. Nikatoa na ng'ombe. Nadhani mimi ndiye mwanaume pekee Mpimbwe nzima aliyelipa mara mbili kwa ajili ya herufi moja.

Mwaka jana tulikwenda Mpanda mjini kumposea mwanangu. Amesomea Dar, anaongea kama redio. Njiani akaniinamia sikioni: "Mzee, ukifika kwenye lile neno, si umwachie anko? Hawa watu wa mjini watatuona washamba."

Nikamwambia, "Lile neno ndilo lililokuzaa." Mama yake akamtazama.

Nikasimama sebuleni kwa watu, nikasema, "Tumeleta mahali." Vijana wao wakabanwa na kicheko kwenye makochi, na mmoja akauliza kwa sauti ya kusikika, "Mzee ametoka wapi huyu?" Mwanangu akaangalia zulia.

Nikawaacha wamalize. Kisha nikamwambia yule aliyeuliza, cheka, kijana, mimi nilishachekwa na watu wanaojua kucheka kuliko nyie. Umeuliza nimetoka wapi. Ngoja nikwambie nilipo.

Nina lile bonde la Mpimbwe, majaruba yote, na nyumba ya kwanza bado imesimama. Nina shamba la mahindi Kasokola. Nina nyumba ya bati hapa mjini na vyumba vya wapangaji nyuma yake. Nina mashine ya kukoboa mpunga, na ukutani imeandikwa KWA MAHALI, rangi nyekundu, ukitoka hapa utaiona. Nina trekta, bovu tairi moja. Nina ng'ombe, hesabu yao naijua mimi. Nina kisima, na baba mkwe wangu amelala karibu nacho, alipotaka mwenyewe. R sina.