Kijivu cha Binti Ami

Binti ami yangu na mimi tulianza kozi ya usanifu wa tovuti siku moja, chuo kimoja hapa Amu, mjini Lamu, na kufikia wiki ya pili nilikuwa nimeshamchukia. Mambo ya herufi yalimwingia mara moja. Mwalimu akieleza kwamba mstari usiwe mrefu mpaka jicho likapotea likirudi, yeye huitikia kwa kichwa kama anayekumbushwa tu. Mimi niliandika daftarini, nikapigia mstari, na bado sikuelewa.

Kazi ya mwisho ilikuwa kuisanifu upya tovuti ya nyumba ya wageni ya Bi mmoja wa Shela. Tulipewa sisi wawili, kila mtu atengeneze yake, na atakayechaguliwa ataajiriwa kuishughulikia tovuti ile. Niliitaka kazi hiyo hata chakula kikawa hakipiti.

Ukurasa wangu wa kwanza ulikuwa na fonti tano. Nimekulia nyumba yenye zidaka ukutani, kila kidaka na sahani yake, na kwa bibi yangu kidaka kitupu ni aibu. Nikaujaza ukurasa vivyo hivyo. Mwalimu aliutazama kidogo, akaniuliza aanze kusoma wapi.

Aliyekuja kunisaidia ni binti ami. Baada ya Alasiri alifika kwetu, akavua buibui, akaketi kando yangu bila kuombwa.

"Bakisha fonti mbili," akasema. "Hini ya vichwa, hini ya maelezo. Na mistari iatanishe kidogo."

Nikaitenganisha, na ukurasa ukasomeka. Nilitamani angekosea. Nilimwambia ahsante ya mdomoni tu.

Tovuti yake ilinichoma. Nyeupe, tulivu, fonti moja, herufi za kijivu laini. Mwalimu aliionyesha darasa zima. Nikirudi nyumbani naifungua tena na tena kutafuta kasoro, siipati.

Niliipata Shela. Nilikwenda adhuhuri kupiga picha za vyumba, nikasimama gatini na kuifungua tovuti yake kwenye simu. Jua lilikuwa utosini. Kile kijivu hakikuwapo. Niliinamisha simu, nikaikinga kwa mtandio, na bado nilichoweza kusoma ni jina la nyumba tu. Nikafungua yangu. Herufi zangu zilikuwa nyeusi tii, wala si kwa ujuzi; kubadilisha rangi sikuwa nimekumbuka. Zilisomeka zote.

Nilifurahi, sitaki kudanganya. Ujumbe mmoja ungetosha kumwambia, na yeye angerekebisha papo hapo. Niliitia simu mkobani. Siku nne nzima tulikaa dawati moja na sikusema neno.

Siku ya kuchagua, Bi alikuwa barazani akisimamia mizigo ya wageni ipakiwe juu ya punda. Hakuwa na nafasi ya kuingia ndani.

"Nipani papa hapa," akasema, akaishika simu ya binti ami kwanza. Akakunja uso. Akaisogeza mbali, akaisogeza karibu. "Mwanangu, hapa pana maneno? Au ni mato yangu?"

"Yapo, Bi. Ni yua tu," akajibu binti ami.

"Basi wageni wangu huteremka gatini na yua hili hili, wakitafuta ndia ya kuya kwangu."

Akachukua yangu, akaisoma kwa sauti mpaka mwisho. Kazi ikawa yangu.

Tulirudi Amu kwa miguu. Nilingoja binti ami anune, ili nipate cha kumlaumu. Badala yake akaniuliza, "Wewe hukuiona yangu yuani?"

"Sikuiona," nikasema.

Akaniamini. Akanishika mkono. "Yako nzuri, wallahi. Nimefurahi mno."

Nilimwangalia usoni nikitafuta kasoro, kama nilivyoitafuta kwenye ukurasa wake. Sikuipata.

Tovuti ile ninaishughulikia hadi leo. Fonti mbili, mistari iliyotengana, kama alivyonielekeza. Kazi niliipata mimi, na wivu ni wangu bado.