Kiazi Ndani ya Sanduku la Fidla

Fidla ya marehemu baba ilipiga kelele yenyewe ukutani.

Paa! Kama bunduki.

Tulikuwa mezani, tunakula maharage na mkate wa mahindi. Nje theluji imefunga milima yote ya West Virginia. Ndani jiko la kuni linawaka mpaka chuma kimekuwa chekundu.

Dada yangu Verna akaangusha kijiko. "Dwight, huyo ni baba. Kakasirika."

"Baba yuko kaburini. Kula."

Nilijikaza tu.

Nikaishusha. Uso wa fidla umepasuka toka juu hadi chini.

Jamani, nikamfikiria mama. Mama yetu kumbukumbu zimemtoka, hata majina yetu hayajui. Lakini nikimpigia ile fidla anatulia, anacheka. Bila fidla analia kutwa, anataka arudishwe kwao.

"Nani aliitundika juu ya jiko?" Verna akauliza, na jibu analo.

"Si ndiyo mahali pa heshima? Ulitaka ibaki mvunguni kama viatu?"

"Wewe kazi yako kukausha mbao kiwandani. Hukujua fidla ni mbao?"

Hilo lilinichoma.

"Na wewe uliyetupa kiazi?" nikamrudishia.

Enzi za baba, fidla ililala mvunguni, chumba kisicho na moto, na kipande cha kiazi kibichi sandukuni. Tulimcheka sana. "Mzee analisha fidla!" Naye alikuwa anatabasamu tu. Siku ya msiba Verna akakitupa.

Fundi wa mjini akaziba ufa. "Sauti siahidi," akasema. "Mbao hata ikikatwa bado ina kiu, bwana. Ukiikausha inajikunja, inapasuka. Hata kipande cha kiazi kibichi huipa unyevu."

Nikampigia mama ile fidla. Ikatoka sauti ya mtu mwenye kikohozi.

Mama hakucheka. Akainuka, akaenda jikoni, akarudi na kisu.

Tukaganda.

Mkono wa pili ameshika kiazi. Akakata kipande, akakiweka sandukuni, taratibu, kama anamlaza mtoto.

"Baba yenu husahau," akasema. "Kila baridi ikiingia, ni mimi ninayekiweka."

Kumbe! Verna akaangua kilio.

Nikapiga magoti. "Mama, unanijua mimi?"

Akanitazama weee.

"Wewe si ndiye uliyeitundika?"

Ndugu zangu, chombo cha mbao usikiweke karibu na moto. Na kabla hujacheka kiazi cha mtu, uliza kwanza nani anakiweka, angali anakumbuka.